Niliandika: Hewa Safi

Mke wangu alipopata uhamisho kutoka Nakuru kwenda shule moja karibu na mji wa Kericho, nilinunua daftari la kurasa tisini na sita, lile la bluu ambalo watoto hufanyia hesabu, nikaandika kwenye jalada: NYUMBA. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuhariri ripoti za watu wengine kwenye kompyuta, kazi inayofanyika popote penye umeme na mtandao, kwa hiyo ilionekana wazi kwamba mwenye nafasi ya kutafuta mtaa ni mimi. Mke wangu alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Binti yetu alikuwa na miaka minne na pumu.

Pumu ndiyo iliyoleta daftari. Daktari wa Nakuru alitueleza taratibu kwamba dawa peke yake haitoshi, kwamba tukihamia nyanda za majani chai tuchague vizuri mahali mtoto atakapolala. Akataja vitu vitatu: baridi, vumbi, moshi. Niliviandika ukurasa wa kwanza na kuvipigia mstari. Chini yake nilianza kupanga maswali, na maswali ndiyo mali pekee niliyotoka nayo chuo kikuu. Nilisomea sosholojia. Miaka minne nilifundishwa kutoamini neno la mtu yeyote: la serikali, la kanisa, la baba, la mwenye nyumba. Nilifuzu vizuri.

Baba alisikia habari zetu akanipigia simu kutoka kwetu Mogogosiek.

"Ploti yako iko hapa," alisema. "Nilikuachia ile ya karibu na barabara. Sasa unataka kulipa mtu akukalishe kwake kama mgeni?"

"Baba, mwalimu atafikaje kazini saa moja asubuhi akitokea huko?"

"Watu wanafika."

"Na moshi wa kiwanda? Mtoto ana kifua."

"Wewe ulikulia hapo," alisema. "Ulikufa?"

Nikaandika: Mogogosiek, bomba la kiwanda cha majani chai, hapana. Niliona nimetenda jambo la ujasiri. Kukataa ploti ya baba si kitu kidogo kwetu. Kijana anayeenda kupanga wakati baba amemkatia kipande chake huonekana ama amegombana na nyumbani au anajiona. Mimi nilikuwa yote mawili, nikafurahi kuwa na sababu ya kitabibu.

Tulifika Kericho mwezi wa kwanza, shule zikiwa karibu kufunguliwa. Mwezi huo mji huo hudanganya. Jua linawaka kutwa nzima, majani yanang'aa vilimani, barabara zimekauka, na nyumba yoyote ukiiingia unaikuta kavu. Nilijua hilo, maana ni kwetu. Niliandika hata onyo kwenye daftari: usiamini Januari. Kisha nikaiamini kwa jambo lile moja ambalo sikulifikiria.

Nyumba ya kwanza tuliyoitazama kwa makini ilikuwa kwenye mtaa wa geti, juu ya mgongo wa kilima. Zamani lilikuwa shamba la majani la mtu mmoja. Wanawe walilikata vipande, wakang'oa miche, wakauza. Sasa kulikuwa na nyumba kumi na nane za mabati ya rangi moja, ukuta, na kibanda cha askari. Kwenye kibanda palibandikwa kanuni. Kuku hawaruhusiwi. Kuni na makaa haviruhusiwi, wapangaji watumie gesi. Nguo zianikwe nyuma. Kila mgeni ajiandikishe, na aseme namba ya nyumba anayokwenda.

Nilizisoma zote kwa sauti ili mke wangu azisikie.

"Na kucheka kunaruhusiwa?" nilimuuliza msimamizi.

"Mpaka saa tatu usiku, bosi," alijibu bila kutabasamu.

Mke wangu hakuwa nasi tena. Alikuwa ameingia chumba cha mtoto. Aliweka kiganja ukutani nyuma ya mlango, akafungua dirisha, akalifunga, akasimama katikati ya chumba akivuta pumzi kama anayemsikiliza mtu. Dirisha lilitazama mashariki na jua lilikuwa limefika hadi kona ya mbali.

"Hapa panakauka," alisema.

"Hapa hakuna watu," nilisema.

Tulishuka kwa miguu, binti yetu mabegani mwangu, nami nikihutubu. Nilimwambia kwamba hao ni watoto wa wachuma majani kama mimi, waliosoma kidogo, wakapata mshahara, na kitu cha kwanza walichonunua ni ukuta. Nilimwambia kwamba mtoto anayekulia mahali ambapo mgeni lazima ataje namba atakuwa mtu wa namba. Sentensi hiyo niliipenda, nikairudia. Mke wangu ni wa watu waliotoka upande wa Kisii. Wazazi wake walihamia Mulot kufanya biashara ya nafaka kabla hajazaliwa, na amekulia kati ya watu ambao si wa kabila lake na hajawahi kuona jambo hilo linahitaji hotuba.

"Mimi sitafuti siasa," alisema. "Natafuta chumba mtoto atakapolala."

"Na asubuhi akiamka atacheza na nani?"

"Akiamka amelala vizuri, tutamtafutia."

Nilishinda mabishano hayo. Siku hizi najiuliza maana ya kushinda ni nini, maana hakukubali. Alichoka tu, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Mtaa nilioutaka mimi ulikuwa bondeni, upande wa pili wa mji. Haukuwa na ukuta. Nyumba za kupangisha zilikuwa zimejengwa ndani ya mashamba madogo ya wenyeji, mbili hapa, tatu pale, katikati ya majani, migomba na mahindi, na watu walipigiana gumzo juu ya ua wa miti. Tulifika Jumamosi saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefunga uzi wa sufu kwenye ncha ya kalamu ili nione upepo unatoka wapi. Bomba la kiwanda cha karibu lilikuwa nyuma ya kilima, na uzi wangu ulionyesha kwamba upepo unausukuma moshi wake mbali nasi.

"Unavua samaki?" mke wangu aliniuliza.

Nilipima kila kitu. Nilihesabu hatua kutoka barabara ya vumbi. Niligonga dari. Nilimuuliza mwenye nyumba kwa nini rangi ni mpya, anaficha ukungu gani, akaapa hafichi, nikakwaruza ukuta kwa funguo na kweli hakukuwa na ukungu. Nilikuwa mpangaji mbaya kuliko wote aliowahi kuwaona, nami nilitaka anione hivyo.

Kwenye nyumba ya jirani, hatua sita tu kutoka dirisha la chumba cha mtoto, palikuwa na jiko la nje la mbao, na mbele yake mwanamke mzee ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Alinisalimia kwa lugha yetu. Alipogundua kwamba mke wangu si Mkipsigis alihamia Kiswahili, na hakurudi tena, hata siku tulizokuwa wawili tu.

"Wewe ni bwana ya nani?" aliniuliza.

"Bwana wa huyu. Ni mwalimu."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Naandika kwenye kompyuta. Nyumbani."

Alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, akarudi kwenye maharagwe. "Aa," alisema. "Basi mwalimu ameoa."

Mke wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Nakuru. Binti yetu alikuwa tayari amechuchumaa kando ya kigoda akitupa maharagwe mabovu. Gogo, ndivyo tulivyomwita tangu siku hiyo, kama watoto wetu wanavyoita bibi, aliingia jikoni akatoka na kibuyu na kikombe cha bati, akammiminia mursik, maziwa ya mgando yenye majivu meusi. Mtoto alikunywa, akabaki na masharubu ya kijivu, akataka mengine.

Ndani ya nyumba mke wangu alisimama mlangoni mwa chumba cha mtoto, akavuta pumzi tena.

"Kuna harufu ya nini hapa?"

Nilivuta pumzi nami. Ilikuwa harufu ya jiko la mama yangu. Harufu ya kuni za majani chai zilizokaushwa, na ya ule mti tunaouita senetwet, unaochomwa hadi uwe kaa kisha kaa lake likasuguliwa ndani ya kibuyu ili maziwa yakae na yawe na ladha. Ilikuwa harufu ya sweta zangu zote za shule ya msingi.

"Ya nyumbani," nilimwambia.

Nikafungua daftari. Mbele ya neno moshi nikaandika: Hewa safi.

Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa mtu asiye wa huko. Sikudanganya. Kwangu neno moshi lilikuwa na mmiliki, lilikuwa na bomba refu, lilitoka kiwandani au kwenye lori la majani. Kile kinachotoka jikoni kwa mama hakikuwa moshi. Kilikuwa jioni. Mtu aliyezaliwa ndani yake hakioni, na mimi niliyejivunia kuuliza kila kitu sikuwahi kuuliza nini kilikuwa puani mwangu tangu kuzaliwa.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, na hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka. Binti yetu alipata marafiki watano ndani ya siku mbili. Mlango wetu haukufungwa mchana. Gogo aliingia bila kubisha, akaniona nimevaa vipokea sauti mbele ya kompyuta, akawaambia wenzake kwamba bwana ya mwalimu amefungwa kamba masikioni kama ndama asitoroke. Alimwambia mke wangu sukuma yake ni mbichi. Alimwonya binti yetu kuhusu upupu, akamfundisha kukaa kimya jogoo anapopita. Nilimwandikia rafiki yangu wa chuo kwamba hatimaye naishi kama binadamu. Mvua za mwezi wa nne zilipoanza mtoto alikohoa kidogo, kama watoto wote.

Kisha ukaja mwezi wa sita, na wakulima wakaanza kupogoa.

Kila baada ya miaka michache mche wa majani hukatwa hadi usawa wa goti ili uchipue upya. Watu hufanya hivyo miezi ya baridi, wakati majani ni machache na kiwanda hakina haraka. Matawi huachwa shambani yakauke, halafu huchukuliwa jikoni, na ni kuni nzuri sana, zinashika haraka na kuwaka kwa muda mrefu. Lakini mwaka huo jua halikutoka. Matawi yalibebwa yakiwa na maji. Bonde lilijaa ukungu asubuhi na jioni, na chini ya ukungu ule majiko arobaini yaliwashwa kwa wakati mmoja, na chochote kilichotoka hakikuwa na pa kwenda. Kilitanda juu ya mahindi kikatulia, kikaingia madirishani kama mtu wa nyumbani.

Binti yetu alianza kupumua kwa sauti. Kifua kilipiga mluzi, ngozi iliingia kati ya mbavu kila alipovuta pumzi, na alikaa kitandani akiwa ameshika magoti, mabega juu, akitutazama kana kwamba sisi ndio tunaozuia. Tulimpa inhela, ile dawa ya kuvuta. Ikasaidia. Jioni iliyofuata tukampa tena.

Nilianza uchunguzi. Nilituhumu rangi ya ukuta, nikamhamishia chumba chetu. Nilituhumu blanketi ya sufu, paka wa jirani, unga wa mahindi, mto wa manyoya, mursik yenyewe. Mbele ya binti yetu nilimwambia Gogo asimpe maziwa kwa wiki mbili. Gogo akasema sawa, akaficha kikombe nyuma ya mgongo wake kama aliyeshikwa na makosa. Mtoto aliendelea kukohoa. Nikageuza daftari kuwa kumbukumbu ya kikohozi, nikaandika kila saa alipokohoa kwa siku kumi na nne, kisha nikachora grafu. Ilikuwa grafu nzuri. Ilikuwa na vilima viwili, kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kingine saa kumi na mbili jioni. Nikaandika chini yake: baridi ya alfajiri na machweo. Nikamnunulia sweta ya tatu.

Gogo alimtazama mtoto uani siku moja akiwa na sweta hizo zote. "Hii mtoto inakohoa kama mbuzi," alisema. "Na umeivalisha kama kabichi."

Mwezi wa nane shule zilifungwa, mke wangu akampeleka binti yetu kwa mama yake Mulot. Huko ni chini, ni pakavu, ni nchi ya ng'ombe na ngano, na mama mkwe wangu anapikia gesi nyuma ya duka lake. Nilibaki kumaliza ripoti. Kila siku niliuliza kwa simu, na kila siku nilijibiwa kwamba mtoto anakimbizana na mbuzi. Wiki tatu inhela haikutoka kwenye mkoba.

Walirudi Jumapili mchana. Saa kumi na mbili na nusu jioni mke wangu alikuwa ameshikilia inhela mdomoni mwa mtoto akihesabu pumzi.

Alipomaliza alichukua daftari mezani, akafungua kwenye grafu yangu. Yeye hufundisha hesabu. Aliitazama kama anavyotazama kazi ya mwanafunzi aliyeandika hatua zote sawasawa na kukosa jibu. Akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. Juu ya kilima cha kwanza akaandika: chai. Juu ya cha pili akaandika: ugali.

"Umechora jikoni," alisema.

"Moshi wa kuni? Huo tumekulia wote."

"Sijauliza nani amekulia. Nilikuuliza kuna harufu gani."

"Watu wote hapa, watoto wao wote, mama yangu miaka yote ile..."

Nikaishia hapo. Mama yangu ana kikohozi. Amekuwa nacho tangu nikiwa mdogo, kikohozi cha asubuhi kinachotangulia sauti ya sufuria. Sisi watoto tulijua ni saa ya kuamka kwa kukisikia. Tulikiita baridi. Kesho yake nilimpigia simu.

"Mama, hicho kikohozi chako ulianza nacho lini?"

"Kikohozi gani?"

"Unachokohoa."

"Mimi sikohoi," alisema, akakohoa, akacheka. "Hiyo ni baridi tu. Mtoto hajambo?"

Nilijua nifanye nini: nivuke hatua sita nikamwambie Gogo. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza tuliongea juu ya bei ya majani. Mara ya pili alinipa viazi. Mara ya tatu nilifika hadi kusema kwamba daktari anasema kifua cha mtoto hakipatani na moshi, nikasikia jinsi sentensi hiyo ilivyosimama kati yetu. Nilikuwa nimekuja mwenyewe kuishi dirishani kwa jiko lake. Jiko lilikuwa pale kabla sijazaliwa.

Alichochea moto kidogo. "Sasa nipike na nini?" aliuliza, na hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kama nina jibu, maana mimi ndiye mwenye kompyuta.

Nilimnunulia mtungi mdogo wa gesi na jiko lake. Nilijiona nimetatua tatizo la jamii nzima. Nilimwonyesha kuwasha na kuzima, akawasha mara moja, akaruka nyuma, akazima. Wiki iliyofuata nilimkuta ameuweka sebuleni, ameufunika kwa kitambaa cha kufuma chenye maua, juu yake ameweka picha ya wajukuu.

"Hiyo ni ya wageni," alisema.

Lakini jiko la kuni alilihamisha. Hakutuambia. Siku moja niliangalia dirishani nikaona lile banda la mbao halitoi chochote, nikamtafuta kwa macho nikamwona upande wa mbali wa shamba, chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa kwenye mti, ameinama juu ya mafiga matatu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mabati yalifunika moto, hayakumfunika yeye. Alikuwa na gunia begani na alikuwa anageuza ugali.

Na haikusaidia. Huo ndio ukweli wa kijinga wa jambo hili. Bonde lilikuwa na majiko arobaini, na jiko moja kuhama hatua sitini hakubadilishi kitu. Jioni hiyohiyo mtoto alivuta dawa. Nilimwambia mke wangu alichofanya Gogo, naye akasema, "Nenda ukamwambie arudi jikoni kwake. Sisi tunahama."

Nilikwenda. Nilimwambia Gogo tunahama karibu na shule, kwa sababu ya kazi ya mwalimu. Mtu aliyesoma hakosi sababu.

"Shule iko hapo tu," alisema.

"Ndiyo, Gogo."

"Sawa, bwana ya mwalimu."

Nyumba moja ilikuwa wazi kwenye mtaa wa geti. Haikuwa ile ya jua la asubuhi, hiyo ilishachukuliwa, ilikuwa ya nyuma, karibu na tangi la maji. Msimamizi alinipa kanuni nitie sahihi. Alinikumbuka. Nilitia sahihi kwamba sitafuga kuku, sitawasha kuni, sitaanika nguo mbele, na kwamba wageni wangu watataja namba.

Binti yetu alilala usiku wa kwanza hadi asubuhi, na wa pili, na wa tatu. Sasa ni miezi mitano. Inhela iko kwenye droo. Nimejaribu kutafuta kasoro katika jambo hili na sijaipata: kule juu upepo unapita, watu wanapikia gesi, mtoto anapumua. Kila nilichosema kuhusu mtaa huu siku ile tunashuka kilima ni kweli. Jirani yangu wa kushoto simjui jina. Jumamosi mtoto wangu hucheza peke yake kati ya ukuta na tangi. Na kifua chake ni kimya. Kule chini wapo watoto wale watano aliocheza nao, nao wanakohoa, na mama zao wanasema ni baridi. Hewa ni kitu kinachopangishwa, na mimi nilitembea nayo mjini na uzi kwenye kalamu nikidhani naichagua kwa akili.

Wiki mbili zilizopita, Jumatatu, nilikuwa natoka kwenda dukani, vipokea sauti shingoni, askari wa getini akaniita. Ni mzee mstaarabu, alikuwa mchuma majani hadi mgongo ukakataa.

"Kuna mama mmoja alikuja jana," alisema. "Anatafuta nyumba ya mwalimu, alisikia sokoni kwamba yuko hapa. Nikamuuliza namba, hajui. Nikamuuliza jina, anasema tu mwalimu, na bwana yake yule wa kamba masikioni."

"Ukamwambia nini?"

"Walimu hapa ni wanne, mzee. Na kanuni ni kanuni. Nilidhani anauza maziwa. Nikamwambia hapa watu wana maziwa ya paketi." Aliinama chini ya meza yake. "Aliacha hii. Alisema ni ya mtoto."

Ilikuwa chupa ya plastiki ya soda, ya lita mbili, imefungwa na kukazwa kwa kipande cha kitambaa. Ndani yalikuwa maziwa ya mgando, meupe kabisa. Niliigeuza kwenye mwanga. Hakukuwa na chembe ya jivu. Kutoka bondeni hadi getini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu yake, na nusu yake ni kupanda.

Sikwenda dukani. Nilirudi ndani nikamimina kidogo kwenye kikombe. Hakutumia kibuyu. Tangu ile siku niliyomkataza mbele ya mtoto, alikuwa amekaa na wazo kwamba ni kibuyu chake, ni kaa lake, ndilo lililomkaba mjukuu. Nami sikuwahi kurudi kumwambia sivyo. Nilikuwa nimeliacha likae hapo, kama nilivyouacha ule uongo wa kuhamia karibu na shule.

Binti yetu alikuja mbio alipoona kikombe.

"Gogo amekuletea," nilimwambia.

Alionja. Akakishusha, akalamba mdomo wa juu, ambao haukuwa na masharubu ya kijivu.

"Hii si ya Gogo," alisema.

"Ni yake. Alikuja mwenyewe mpaka getini."

"Mbona hakuingia?"

Nilimwambia kwamba hatukuwepo. Alinitazama kwa muda, kichwa kimeinama upande, jinsi ninavyowatazama mimi watu wanaponieleza mambo, na kifua chake kilipanda na kushuka bila sauti yoyote. Kisha akanirudishia kikombe.